Nyinyi mnaopanda cheo mko wangapi? Shajara ya kuandika maelezo binafsi

Jumanne, 3 Septemba 2024

Tangazo limebandikwa leo asubuhi, na safari hii sikulipita kama silioni. Mwisho wa kupokea maombi ya kupanda cheo ni Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba. Nina wiki sita na siku chache. Naomba kutoka Mhadhiri kwenda Mhadhiri Mwandamizi.

Wasifu ninao, vyeti ninavyo, machapisho yamepangwa kwenye folda. Kinachonikwamisha ni kurasa mbili ambazo chuo chetu kinaziita maelezo binafsi: umefanya nini tangu upandishwe mara ya mwisho, kina maana gani, na unaelekea wapi. Maneno 1,000, yasizidi.

Mwaka jana niliahirisha, nikawaambia watu sina muda. Muda nilikuwa nao. Niliogopa kuandika "mimi" mara ishirini kwenye karatasi moja kisha nikaipeleka kwa watu ninaokunywa nao chai. Basi mwaka huu nimeamua kuandika na shajara pembeni, angalau nione ninapokimbilia kila ninapokimbia. Huenda ikamfaa na mwingine aliyekwama palepale.

Maneno ya leo: 0.

Alhamisi, 5 Septemba

Nilidhani nimepata njia ya mkato. Tangu PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi, ichukue nafasi ya OPRAS, utaratibu wa zamani wa kazi hiyohiyo, sisi watumishi wa umma tunaingiza kazi zetu kwenye mfumo na msimamizi anazipitisha. Nikasema: si yote yamo humo? Nitanakili, nitashona, nimemaliza.

Nimefungua na kusoma kazi zangu za mwaka mzima. "Kufundisha kozi mbili." "Kusimamia wanafunzi wa uzamili." "Kuhudhuria vikao vya idara." Ni karatasi ya kwenda nayo sokoni. Mtu akiisoma atajua umenunua nyanya na vitunguu, hatajua umepika nini wala kama kililika.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Tarehe zimo, na tarehe ndizo nilizokuwa nimesahau. Nilikuwa naapa kwamba mafunzo ya kwanza kwa wakulima yalikuwa 2021. Yalikuwa 2020, Novemba, maembe yakiwa yameanza kuiva.

Nisiseme "maembe" bila kujieleza. Mimi ni mtu wa wadudu. Miaka minane sasa nahangaika na inzi wa matunda, hasa yule anayeitwa Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kusambaa Afrika kama moto wa nyika. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai chini yake. Funza wakianguliwa hula nyama ya tunda kwa ndani, embe linaoza na kuanguka, nao hutoka, huingia ardhini, hujigeuza pupa, na baada ya siku kadhaa inzi wapya wanaruka. Kenya ilijisimamishia yenyewe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya mdudu huyu, na biashara hiyo haikurudi hadi 2021. Kwa hiyo kazi yangu ina maana. Tatizo langu ni kuisema.

Jumapili, 8 Septemba

Mama amepiga simu kuuliza hali za wajukuu. Nikamweleza ninachoandika. Akanyamaza kidogo, halafu: "Yaani unajisifia mwenyewe, kwa maandishi?"

"Ndiyo utaratibu, Mama."

"Mh. Chema chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho chajitembeza."

Ningempa jibu kama ningekuwa nalo. Methali hiyo nimelelewa nayo, na naamini nusu ya wenzangu ambao hawajaomba cheo tangu 2015 wamelelewa nayo pia. Ila chema kikikaa kwenye folda hakijiuzi. Kinaliwa na mende.

Maneno: 210, yote ya utangulizi, yote mabaya.

Jumamosi, 14 Septemba

Rasimu ya kwanza imekamilika kwa maneno 1,340. Nimeichapa nikaipeleka kwa Profesa aliyenisimamia uzamivu. Amestaafu, anaishi nje kidogo ya mji, na nilimkuta barazani na ungo wa choroko mapajani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo karatasi, ungo shika wewe."

Nikachambua choroko, yeye akasoma na kalamu nyekundu mkononi. Hakusahihisha sentensi hata moja. Alikuwa anachora miduara tu. Alipomaliza alinirudishia na kuniambia nihesabu. Miduara 31, na ndani ya kila mmoja kulikuwa na silabi ileile: tu. Tulibuni, tulikusanya, tulichambua, tuligundua, tulishirikisha.

"Nyinyi mnaopanda cheo mko wangapi?" akaniuliza.

Nilijitetea. Nikasema utafiti wa shambani haufanywi na mtu mmoja, kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi wetu wa maabara alikaa kwenye darubini akitambua spishi hadi macho yakamtoka machozi. Bwana shamba alitupitisha kwa wakulima ambao bila yeye wangetufungia geti. Nikiandika "nilifanya", hao wamekwenda wapi?

"Sikukwambia uwafute. Nakwambia wewe sikuoni. Hapa nawaona watu wengi wamesimama kwenye giza."

Kisha akanionyesha alama nyingine ambazo sikuziona, pembetatu ndogo pembeni mwa mistari, tisa kwa jumla. Hizo zilikuwa za "ilibainika", "yalifanyika", "mafunzo yalitolewa".

"Yalitolewa na nani, upepo?"

Nikacheka, lakini njiani nilipokuwa narudi kwenye daladala haikuwa kichekesho tena. Nilianza kusoma mwenyewe, nikaona kwamba sikuitumia "tu" kwa unyenyekevu mahali pote. Kuna mahali nilitumia "tulichambua" kwa sababu uchambuzi ule sikuufanya mimi na sikutaka mtu ajue. Kuna mahali nilitumia "tuligundua" kwa sababu ugunduzi ule ulinitia aibu. Silabi ileile, kazi tatu: kuwapa wenzangu heshima, kuficha nisichofanya, kuficha nilichokosea.

Nimekata shauri: rasimu ya pili inaandikwa kwa Kiswahili kwanza. Hati yenyewe itakwenda kwa Kiingereza, ndivyo mambo yalivyo, lakini kwa Kiingereza cha ofisini mimi ni bingwa wa kujificha. Kwa Kiswahili nikiweka ni- mbele ya kitenzi naisikia mdomoni kama kokoto kwenye wali.

Jumapili, 15 Septemba

Leo nimefanya kazi kwenye sentensi moja kutwa nzima. Naiweka hapa jinsi ilivyokuwa:

"Tulifanya utafiti wa mitego ya inzi wa matunda wilayani Mkuranga ambapo ilibainika kuwa mwamko wa wakulima ni mdogo."

Nikaanza kuuliza maswali ya Profesa. Nani alifanya? Niliubuni mimi, mwaka 2020, mashamba 24. Nani alibaini? Mimi. Mwamko mdogo niliuonaje?

Hapo nikakwama, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba sikuuona.

Mambo yalikwenda hivi. Mitego tuliyotundika (hapa "tu" ni halali, tulikuwa wanne juu ya ngazi moja) ilikuwa na chambo cha methili yujenoli. Chambo hicho huvuta madume peke yake. Mtego ukijaa mkulima anafurahi, anadhani amesalimika, kumbe majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutoboa maembe yake. Ndiyo maana mtego hautoshi. Lazima uokote maembe yaliyoanguka na kuyazika kwa kina, au uyafunge kwenye mfuko mweusi na kuyaacha juani, funza wafie humo. Tulifundisha yote mawili. Tuliporudi baada ya wiki tano, mitego ilikuwa imetunzwa vizuri na maembe yalikuwa chini ya miti kama tulivyoyaacha. Nikaandika kwenye daftari: mwamko mdogo.

Kabla ya kuondoka, mzee mmoja mwenye shamba la dodo na bolibo aliniita pembeni. "Dokta, nikuulize. Hayo maembe unayosema niyazike, mbuzi wangu watakula nini?" Akaniongoza nyuma ya nyumba akanionyesha zizi. Mbuzi kumi na wawili. Msimu wa maembe ndiyo msimu wao wa kunenepa. Na jirani yake hana mbuzi, lakini ana watoto wa shule wanaopita kuokota asubuhi, na kuwazuia ni kutafuta ugomvi na mtaa mzima. "Na nikizika mimi, yeye asipozika, inzi wake si watakuja kwangu?"

Mwamko gani tena ulikuwa unatafutwa pale? Mzee alikuwa ameshafanya hesabu ambayo mimi sikuwa nimeifanya. Nilirudi chuoni, nikaacha kuuliza "wakulima wanajua nini" nikaanza kuuliza "embe lililoanguka ni la nani na lina kazi gani". Makala zangu tatu zilizofuata zimetoka kwenye zizi lile. Na katika maelezo binafsi ya maneno 1,340, zizi halikuwemo. Nililiona si la kisayansi.

Sentensi mpya:

"Mwaka 2020 nilibuni utafiti wa mitego katika mashamba 24 wilayani Mkuranga. Fundi wa maabara alitambua spishi, mwenzangu wa takwimu alichambua hesabu. Mimi nilikaa na wakulima, na kwa wiki tano nilikuwa nawauliza swali baya. Mkulima mmoja alinisahihisha."

Nimeisoma mara nyingi. Naiogopa. Nimeiacha.

Jumanne, 17 Septemba

Umeme umekatika kuanzia saa kumi na mbili jioni. Betri ya kompyuta ilizima katikati ya aya ya ufundishaji. Nimelala.

Ijumaa, 20 Septemba

Kazi ya wiki hii ilikuwa kujua kwa uhakika ni nini hasa nilichofanya katika kila makala. Majarida mengi siku hizi yanatumia mpangilio unaoitwa CRediT, ulioanza mwaka 2014, wenye majukumu 14 ya uandishi: kubuni wazo, kukusanya data, kuchambua, kuandika rasimu, kuhariri, kutafuta fedha, kusimamia, na kadhalika. Niliuchukua huo kama kipimo, nikaandika sentensi moja kwa kila chapisho, halafu nikafanya jambo ambalo naona lingepaswa kuwa sheria: nikamtumia kila mwandishi mwenza sentensi yake kwa WhatsApp. "Naomba unisahihishe kama nimejipa kisicho changu."

Mwenzangu wa takwimu alijibu usiku uleule: "Umesahau kwamba wewe ndiye uliyegundua mashamba mawili yamehesabiwa mara mbili. Bila hivyo makala ingekufa. Andika."

Fundi wa maabara, mtu wa maneno machache, alipiga simu. Hakuwahi kuona sentensi yenye kazi yake ndani ya karatasi ya mtu mwingine. Aliniuliza kama anaweza kubaki na nakala.

Mwanafunzi wangu wa zamani wa uzamili alinisahihisha kwa adabu zote za dunia: "Samahani sana, Mwalimu, wazo la kulinganisha maembe ya dodo na ya kisasa nadhani nililileta mimi kwenye semina." Nikatafuta kumbukumbu za semina. Kweli, alilileta yeye. Nimefuta, nimeandika "nilimsimamia".

Mmoja hakujibu hadi leo. Kwenye makala hiyo, ya 2022, nilikusanya data yote ya shambani na jina langu likaja la nne. Sikusema kitu wakati ule kwa sababu aliyepanga majina alikuwa amenizidi cheo, na bado amenizidi. Sentensi yangu haimlaumu mtu. Inasema "nilikusanya data yote ya shambani kwa misimu miwili". Jibu limeingia mchana huu, neno moja: "Sawa." Nami nimelipokea kama lilivyo.

Jumatatu, 23 Septemba

Leo nahesabu alama za machapisho zinazohitajika ili nipande cheo, na kuna kidonda lazima nikiguse.

Mwaka 2020 nilichapisha makala kwenye jarida la kitapeli. Sikudanganywa. Nilijua. Walijibu ndani ya siku nne kwamba makala "imepitiwa na mabingwa watatu", hawakubadilisha hata nukta, wakataka dola 120. Ile orodha ya majarida ya aina hiyo aliyokuwa akiitunza Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, ilikuwa imeshaondolewa tangu Januari 2017, nikajiambia hakuna wa kuninyooshea kidole. Nilikuwa na haraka. Data yenyewe ilikuwa nzuri, jambo linaloniuma zaidi, maana hakuna jarida la maana litakaloipokea tena.

Nikiihesabu, niko juu ya kiwango kwa raha. Nisipoihesabu, nabaki juu kwa nusu alama tu, na mtathmini wa nje akiikataa makala moja nimeanguka.

Nimempigia Profesa. Akauliza, "Makala hiyo ungependa isomwe na nani?" Nikasema hakuna. "Basi."

Itabaki kwenye wasifu, kwa sababu kuifuta huko ni uongo mwingine. Siiombei alama na haimo kwenye maelezo binafsi. Mume wangu anasema nina kichwa kigumu. Huenda.

Alhamisi, 26 Septemba

Mkuu wa idara amenikuta korido akaniuliza maendeleo. Ushauri wake: weka fahirisi ya h, kamati wanaipenda namba.

Namba yangu ni 7. Maana yake nina makala saba ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara saba, basi. Kipimo hicho alikipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na kwa mtu anayeandika kuhusu maembe ya Mkuranga hakiwezi kufanana na cha mtu anayeandika kuhusu saratani. Azimio la San Francisco, lile linaloitwa DORA, lililoanzia kwenye mkutano wa wanasayansi mwaka 2012, linasema wazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmojammoja wala kuamua nani apandishwe. Nilimtajia Mkuu. Akasema, "Ni kweli kabisa, Dokta. Weka hiyo namba."

Nimeiweka, mstari mmoja, bila maneno ya kuipamba. Mara baada yake nimeweka kipeperushi cha Kiswahili nilichoandika kwa wakulima, kurasa nne, michoro ya fundi wetu. Kwenye hesabu ya alama kina sifuri. Hakuna aliyekinukuu. Lakini nimekikuta kimebandikwa kwa gundi ya ugali kwenye ukuta wa duka la pembejeo ambalo sikuwahi kulipelekea, na mwenye duka alinifundisha yaliyomo bila kujua anamfundisha nani. Hilo nimeliandika katika sentensi mbili. Kamati wakilikata, walikate wao.

Jumatatu, 30 Septemba

Aya ya ufundishaji. Niliogopa itanichosha, na kweli imenichosha.

Rasimu ya kwanza ilisema mimi ni mwalimu "mwenye ari na anayejali wanafunzi". Nimeifuta, nani ataandika kwamba hajali? Badala yake nimechukua tathmini za wanafunzi za miaka minne nikatafuta malalamiko yanayojirudia. Mawili: naongea haraka, na vitendo vya maabara ni vya kuangalia wadudu waliokufa zamani. La kwanza sijaliweza. La pili nilibadilisha 2022: nusu ya vitendo nikaihamishia kwenye shamba la chuo, kila kundi linakabidhiwa mti mmoja wa mwembe kwa semista nzima, wanahesabu, wanachora, wanagombana. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa daftari la kundi. Pembeni mtu ameandika kwa penseli: "Mti wetu unatuangusha."

Imetosha.

Jumatano, 2 Oktoba

Pengo la 2021. Mtu akitazama orodha ya machapisho atakuta 2020, kisha 2022. Katikati nilijifungua mapacha. Kwa mapacha likizo ya uzazi ni siku 100 badala ya 84, na wenye Kulwa na Doto wao wanajua kwamba siku ya 101 hakuna mtu anayekukabidhi usingizi wako.

Niliandika aya nzima ya kuomba radhi. Profesa akairudisha kwa simu: "Umemkosea nani?"

Imebaki hivi: "Mwaka 2021 nilikuwa kwenye likizo ya uzazi; kazi ya shambani iliendelea msimu wa Novemba mwaka huohuo." Nukta.

Jumatano, 9 Oktoba

Tangu Ijumaa nageuza rasimu kuwa ya Kiingereza, na ni kazi chungu kuliko nilivyodhani. Kwa Kiswahili "mimi" imekaa ndani ya kitenzi, herufi mbili, haimsumbui mtu. Kwa Kiingereza inasimama peke yake mwanzoni mwa kila sentensi, kwa herufi kubwa, kama mlingoti wa bendera. Nilipofika aya ya pili nikajikuta nimerudi kwenye "ilibainika" zangu bila kujua. Nimezihesabu: sita. Nimezing'oa.

Sentensi ya mkulima aliyenisahihisha ndiyo iliyonipa shida mwisho. Rafiki yangu wa idara nyingine, ambaye Kiingereza chake ni cha kuajiriwa nacho, aliilainisha ikawa kitu kama "mashauriano na wadau yaliboresha mkabala wa utafiti". Nikamshukuru kwa dhati, nikarudisha yangu. Wadau hawana mbuzi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere. Chuo kimya, nimebaki na walinzi na kunguru. Maneno 1,180, lazima 180 yaondoke.

Zimeondoka kamati nne nilizokaa, kwa sababu kwenye wasifu zimo. Limeondoka banda la Nanenane pale Morogoro, ingawa nililipenda. Imeondoka sentensi ya kushukuru uongozi wa chuo. Imeondoka aya yote ya "ninaelekea wapi" niliyoiandika kwa kuwafurahisha wafadhili, ikaja fupi: nataka kujua kama mtaa mzima wa wakulima unaweza kukubaliana namna moja ya kushughulikia maembe yaliyoanguka, ikiwemo kuyapika kabla ya kuwapa mifugo, na kama wakikubaliana inzi watapungua kiasi gani. Sijui jibu. Nimeandika kwamba sijui.

Maneno 996.

Nimempigia Mama nikamsomea tafsiri ya Kiswahili kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho. "Huyo mzee wa mbuzi," akasema, "umempelekea chochote?"

Sijampelekea.

Ijumaa, 18 Oktoba

Masijala, saa nane mchana. Mbele yangu watu watano, wote na bahasha, wote tunajifanya tumekuja kwa shughuli nyingine. Karani anahesabu nakala kwa kulamba kidole. Nakala sita, kila moja iwe na fomu, barua, wasifu, maelezo binafsi, machapisho matano. Akafika nakala ya nne akasimama.

"Dokta, hapa hujasaini."

Kwenye maelezo binafsi, ukurasa wa pili, chini. Kurasa zote nimesaini isipokuwa hiyo. Nikaomba kalamu, nikaegemeza karatasi ukutani, nikasaini, wino ukakataa, nikasaini tena juu yake. Inaonekana kama mtu aliyeandika jina lake mara mbili.

Muhuri umegongwa saa 9:20 alasiri. Kutoka hapo inakwenda kwa Mkuu, kisha kitivo, kisha watathmini wa nje ambao sitawajua, kisha kamati. Wenzangu waliotangulia wananiambia nisianze kuuliza kabla ya miezi sita.

Nimepitia duka la vifaa nikanunua mifuko mizito ya plastiki nyeusi, roli mbili, na pumba kilo ishirini kwa mbuzi wa mzee. Gari la idara linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri kwenda Mkuranga. Kwa simu mzee amesema bolibo zimeanza kuanguka.